Dena Thoya, Aliyesimama Mbele ya Ndege

Marehemu Dena Thoya aliokoa watu saba kwa siku moja, na kwa kuwaokoa akafukuzwa kazi na kuitwa mlevi. Neno hilo lilipigwa taipu, likatiwa mhuri, na mpaka leo tunapomzika halijafutwa. Familia imeona lisemwe hapa mwanzo, kabla ya tarehe na majina ya wazazi, ili kila anayesikiliza ajue ni maisha ya mtu wa namna gani anayosomewa.

Marehemu alizaliwa Adu mwaka wa 1936, mtoto wa tatu wa Mzee Thoya Kalama na Bi Jumwa. Kipande chake cha kitambulisho kinasema tarehe mosi Januari, lakini hiyo ni tarehe ambayo karani aliwapa wanaume wote waliopanga foleni siku ile. Mama yake alisema alizaliwa wakati mvua kubwa imekata njia, mkunga akafika amelowa mpaka shingoni, akakuta mtoto amekwisha kuja na macho wazi, anatazama paa. Alibatizwa mwaka wa 1971 kwa jina la Nathani. Mchungaji peke yake ndiye aliyelitumia.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka wa 1946 hadi 1948, akaishia darasa la tatu baba yake alipougua na mbuzi wakakosa mchungaji. Hesabu zake zilikuwa za kawaida na mwandiko wake ulikuwa mbaya, lakini mwalimu alimweka karibu na dirisha miaka yote mitatu. Mkaguzi wa shule alikuwa akija kwa baiskeli bila kutoa habari. Dena ndiye aliyemwona kabla vumbi halijaonekana kwa wengine, na siku moja alisema, "Mwalimu, anakuja, na leo amevaa viatu vipya." Darasa lilicheka. Mkaguzi alipofika, wote waliinamisha vichwa kutazama viatu, na viatu vilikuwa vipya.

Mwaka wa 1963, tarehe 24 Agosti, alimwoa Nyevu, binti Mwaringa wa Sabaki. Siku ya kupeleka mnazi wa mahari, ile pombe ya kugema, wazee walimpa kibuyu aonje, akaonja, akakirudisha. Shangazi mmoja wa Nyevu alisema mwanamume asiyemaliza kibuyu hana haja ya mke. Dena akamjibu, "Mnazi unanifanya nione vitu viwili, shangazi, na mimi nataka kuona mke mmoja." Katika miaka ishirini na mitano ya ndoa yao, mkewe hakumwona akinywa zaidi ya kuonja, na hata huko kuonja kulikuwa kwenye arusi na matanga ya watu wa karibu. Msikilizaji alishike hili.

Baada ya kufanya kibarua cha barabara na cha mashamba ya katani, aliajiriwa tarehe 2 Februari 1967 katika kiwanja kidogo cha ndege cha Mkondoni, kati ya mto Sabaki na Ngomeni. Kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi, kufukuza mbuzi na ng'ombe, kupandisha mfuko wa upepo kwenye mlingoti, na kutandika chini vitambaa viwili virefu vya bafta nyeupe, kimoja kikikingama kichwani mwa kingine kama herufi T. Rubani akiviona kutoka juu alijua ashukie upande gani. Upepo ukigeuka, Dena alivigeuza. Mkewe ndiye aliyevifua kila wiki, na ndiye aliyeokota mawe ya kuvikandamiza visipeperuke.

Mkondoni hapakuwa na mnara wala mtu wa kuziongoza ndege. Ndege ilikuja kwa akili ya rubani wake. Desturi ilikuwa kwamba kila anayefika azunguke kwanza, kiwanja kikiwa mkono wake wa kushoto, aseme kwenye redio yuko wapi, asikilize kama kuna mwingine, atazame, kisha ndipo ashuke. Desturi hiyo haikuwa na askari. Aliyeifuata aliifuata, na aliyetaka kuiruka aliiruka, akafika salama, akaona kumbe haina maana.

Dena alikuwa chini, kichwa kimeelekea juu, miaka kumi na saba. Alizijua ndege kwa milio yake kama mtu anavyojua kikohozi cha jirani. Mkewe alizoea kuona mkono wa ugali umesimama njiani kwenda mdomoni, na Dena akisema, "Hizo ni mbili." Angekaa hivyo hivyo mpaka zote mbili ziwe chini, ndipo amalize tonge.

Mwaka wa 1978 ndipo alipokuja Kapteni Fumo Omar, mtu wa visiwa vya kaskazini, rubani wa ndege ndogo iliyobeba kamba wa baharini kutoka Ngomeni na kwingineko kwenda kwenye mahoteli. Huyu hakupita kama marubani wengine waliomwita Dena "wewe". Alimsalimia, aliuliza watoto, alivua viatu akaingia ndani. Alimwita Nyevu shemeji. Akija na kamba waliovunjika miguu, wasiokubaliwa hotelini, aliwaleta nyumbani kwa Dena, na Nyevu aliwapika kwa nazi, wakala pamoja kwenye mkeka mmoja. Nyumba ile haikuwa na mgeni aliyependwa kuliko yeye.

Siku moja mwaka wa 1983, Dena alimwita Fumo wakae. Asubuhi ile alikuwa ameona ndege mbili zinakuja kutua moja juu ya nyingine, na hakuna iliyojua habari ya mwenzake mpaka ya juu ilipoghairi kushuka, ikapita mbele kwa bahati tu. Dena akavua ndara zake akaziweka mkekani.

"Hii ni yako, mabawa yako juu ya kichwa. Ukitazama juu waona nini?"

"Naona bawa langu."

"Na hii ni ya wageni wa hoteli, mabawa chini ya miguu. Rubani akitazama chini aona nini?"

"Bawa lake."

"Basi mwaja hivi." Akaweka ndara moja juu ya nyingine, akazishusha pamoja polepole, mpaka zikagusa mkeka. "Nyote mwatazama mbele. Nyote mwaona kiwanja kitupu. Kila mmoja amshukuru Mungu yuko peke yake."

"Kuna redio, Dena. Kila mtu hunena aliko."

"Na redio ikinyamaza?"

"Kuna macho."

"Ndiyo hayo macho nimekuonyesha hayaoni."

Fumo alizichukua ndara, akazigeuzageuza. Akauliza, "Sasa wewe ukiona hivi utafanya nini? Utavuta kitambaa chako?"

"Nikivuta kitambaa mtadhani kiwanja kimefungwa, mtapanda nyote wawili, mgongane mkipanda. Hapo mmoja lazima apande na mmoja lazima ashuke. Mimi nitasimama katikati ya njia. Yule wa juu akiniona atapanda, hataki kuua mtu. Wewe ukiniona, jua una mwenzio juu ya kichwa chako. Usipande. Shuka."

"Nishuke juu yako?"

"Shuka. Mimi nina miguu."

Nyevu, aliyekuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, alisema, "Miguu hiyo juzi ilishindwa kumpata mwanambuzi."

Fumo akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema, "Shemeji, nikimkanyaga huyu utanisamehe?"

"Nitakusamehe," Nyevu akamjibu, "ukija kunieleza kwa mdomo wako mwenyewe kilichotokea."

"Nitakuja," akasema Fumo. Wakapeana mikono, yeye na Dena, juu ya zile ndara.

Jumamosi, tarehe 15 Desemba 1984, kaskazi ilikuwa ikivuma sawasawa na mbingu ilikuwa safi. Siku mbili kabla yake Fumo alikuwa amesimama mlangoni pa Dena akasema redio yake imekufa. Dena alimwambia asiruke.

"Fundi yuko Nairobi," Fumo alisema, "na kamba hawangoji fundi. Nitazunguka vizuri. Wewe si uko?"

Kiasi cha saa sita na robo mchana, Nyevu alikuwa analeta chakula kwa njia ya pembeni ya kiwanja. Alisikia mlio wa ndege ya Fumo ukitoka upande wa Ngomeni. Ilizunguka kama ilivyo desturi, kiwanja kikiwa mkono wa kushoto, ikapinda mara ya mwisho kwenye mikanju, ile mikorosho ya pembeni, ikaja chini. Dena alikuwa amesimama mlingotini na panga lake la kufyekea. Akainua kichwa ghafla, akageukia baharini. Nyevu naye akasikia. Zilikuwa mbili.

Ya pili ilikuwa ndege ya kampuni yenye kiwanja, yenye mabawa chini, iliyoleta wageni wa hoteli. Rubani wake, Kapteni Hollis, hakuwa mtu wa kuzunguka. Alikuja moja kwa moja kutoka mbali, kwa juu, akaiteremsha kwa mteremko mkali, kwa sababu wageni hutapika ndege ikipindapinda. Mara mbili Dena alikwenda kumshtaki kwa meneja, Bwana Mbaruk. Mara ya kwanza meneja alisema ataangalia. Mara ya pili alisema, "Dena, kazi yako ni mbuzi. Ndege zina wenyewe."

Nyevu alipotazama upande ule aliona ndege moja tu, kisha akaona kuwa ndege hiyo ina magurudumu mengi mno. Moja ilikuwa imejipanga juu ya nyingine, na zote zinashuka, na nafasi kati yao ilikuwa inapungua jinsi ile nafasi ya ndara ilivyopungua. Ya chini ilikwenda polepole. Ya juu ilikuwa inaikalia.

Dena alitupa panga. Alikichomoa kitambaa kimoja chini ya mawe, mawe yakaruka, akakimbia nacho mpaka katikati ya njia ya ndege. Mkewe alimwita kwa jina. Hakugeuka. Alisimama akazitazama zinavyokuja, akainua kitambaa kwa mikono miwili juu ya kichwa, akakitanua, upepo ukakijaza.

Ndege ya juu ilinguruma. Pua yake ikainuka, ikapanda juu ya mikanju, ikaenda zake upande wa kusini. Ya chini haikupanda. Nyevu aliiona inakuja tu, mabawa yake juu, na mumewe mbele yake na nguo nyeupe, na hapo ndipo alipofahamu kwamba Fumo amemwona Dena na anafanya alivyoambiwa. Magurudumu yaligusa ardhi mapema kuliko siku zote. Vumbi likapanda. Dena akangoja mpaka pale ambapo mtu mwingine yeyote angekuwa ameshakimbia, kwa maana alitaka ile ya juu iwe imekwenda kabisa, kisha akajirusha kushoto. Chuma kinachoshikilia bawa kilimpiga kwenye nyonga. Ndege ikamkosa kichwa, ikapita juu ya kitambaa, ikakokota mpaka majanini ikasimama imeinama upande mmoja, masanduku ya kamba yamepasuka.

Fumo alitoka akiwa hana rangi. Alipiga magoti mbele ya Dena, na maneno aliyoyasema Nyevu aliyasikia kwa masikio yake, alikuwa amekwisha kufika na kumshika mumewe kichwa.

"Kivuli, Dena. Kivuli kilinifunika humo ndani, kukawa giza, nikadhani ni wingu. Hakuna wingu leo. Nikakuona wewe."

"Ukashuka," akasema Dena.

"Uliniambia nishuke."

Dena alikuwa anauma meno kwa maumivu. Akatazama majanini, akasema, "Kapteni, kamba wako watoroka."

Na kweli walikuwa wanatambaa kwenye nyasi. Wakacheka wote watatu, pale chini, kama watu wasio na akili. Hiyo ndiyo mara ya mwisho watatu hao kucheka pamoja.

Ndege ya Hollis ilizunguka safari hii, ikatua. Ndani yake mlikuwa na wageni watano na yeye wa sita, na Fumo alikuwa peke yake kwenye ndege yake. Hao ndio saba. Mama mmoja katika wageni alikuwa amejigonga paji la uso ndege ilipopanda ghafla, anatoka damu na analia. Hollis alishuka akiwa na hasira. Alichokiona yeye ni mtu mmoja na nguo nyeupe katikati ya njia. Ndege ya Fumo hakuiona hewani hata mara moja, na alipoikuta majanini alidhani ilikuwapo tangu asubuhi.

Jumanne, tarehe 18 Desemba, saa nne asubuhi, waliitwa ofisini. Dena alikwenda kwa mkongojo. Waliokaa ndani ni Bwana Mbaruk, Kapteni Hollis, Fumo, na karani wa kampuni, Bi Nyaboke, aliyekuwa akiandika. Nyevu hakuruhusiwa kuingia. Alikaa nje chini ya dirisha, na dirisha lilikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Dena alieleza yote tangu mwanzo. Alieleza mpaka habari ya ndara. Mtu mmoja mle ndani alicheka kidogo, Nyevu hakujua ni nani.

Kisha meneja akauliza, "Kapteni Fumo, wakati unashuka uliona ndege nyingine?"

"La," akasema Fumo. "Sikuona."

Jibu hilo lilikuwa la kweli, na Nyevu pale nje alipolisikia alivuta pumzi, akangoja neno la pili. Alijua bawa linakinga macho. Alijua pia kwamba mtu ambaye hakuona bado ana kivuli cha kusimulia.

"Redio yako ilikuwa inafanya kazi?"

Rubani anayeruka na redio mbovu akiwa na mzigo wa biashara ananyang'anywa leseni, na Fumo alijua hivyo, na Dena alijua hivyo.

"Naam," akasema Fumo. "Ilikuwa yafanya kazi."

"Basi," meneja akasema, "Kapteni Hollis alisema kwenye redio kwamba anashuka. Kama mngekuwa hewani wawili, ungemsikia."

"Ningemsikia."

"Ulimsikia?"

"La."

"Kwa hiyo hamkuwa wawili."

Dena akasema kwa sauti ya kawaida, kama anavyomkumbusha mtu kofia aliyoisahau, "Kapteni, waambie habari ya kivuli."

Nyevu alisimama, akachungulia dirishani. Fumo alikuwa anatazama mikono yake.

"Kivuli gani?" akauliza meneja. "Dena, asubuhi ile ulikunywa vibuyu vingapi?"

Bi Nyaboke akaandika. Hakuna aliyemwuliza Dena kama yeye ni mtu wa kunywa. Alikuwa Mgiriama, na minazi ilikuwa imejaa kote kuzunguka kiwanja, na hilo liliwatosha.

Barua ilitoka kesho yake, tarehe 19. Nyaboke ndiye aliyewasomea, maana macho ya Dena yalikuwa ya kuona mbali tu na mkewe hakuwa amekwenda shule. Ilisema amefukuzwa kwa "ulevi kazini na kuhatarisha maisha ya abiria". Nyaboke alipofika hapo alisita, akasema, "Mama, mimi niliandika nilichoambiwa." Familia haimlaumu. Walitakiwa wawe wamehama nyumba ya kampuni kabla ya mwaka kwisha, na tarehe 30 Desemba walirudi Adu na vyombo vyao, na kile kitambaa cha bafta chenye alama ya gurudumu. Kampuni haikukiulizia.

Dena alilima. Mahindi, mihogo, kunde kidogo. Nyonga haikupona sawasawa na kupanda kilima kulimtesa. Hakumtukana Fumo hata siku moja, na mkewe alichukizwa na hilo kuliko alivyochukizwa na barua. Alimwambia, "Unamtetea?" Dena akasema, "Ana watoto sita." Nyevu akasema, "Na wako wamekuwa watoto wa mlevi." Shuleni ndivyo walivyoitwa.

Mwezi wa Mei 1985 Fumo alikuja Adu na kikapu cha kamba, safari hii wazima, wenye miguu yote. Nyevu alimpokea uani kabla hajafika mlangoni.

"Salamu hazina haja, Kapteni. Umekuja kunieleza kilichotokea?"

"Shemeji, wanichukulie leseni? Nina watoto sita."

"Idadi naijua. Nimeuliza kama umekuja kunieleza."

Nyevu alimrudishia kikapu chake, akamsindikiza mpaka njiani, kwa sababu mgeni husindikizwa.

Mwaka wa 1986 Nyevu alijiunga na masomo ya watu wazima, ngumbaru, akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini. Mwalimu alimwuliza kwa nini anataka kusoma. Alisema anataka kusoma barua moja. Ilimchukua miezi minane. Neno la kwanza alilolitambua kwenye barua ile bila kusaidiwa lilikuwa "ulevi". Alilisoma kwa sauti, Dena akiwa amekaa karibu anamenya mihogo, na Dena akasema, "Umelisoma vizuri."

Mwaka huo huo kampuni iliweka kibao pale Mkondoni, rangi mpya, kinachosema kila ndege izunguke kiwanja mkono wa kushoto, rubani anene na asikilize, na asishuke asipojua nani yuko juu yake na nani yuko chini yake. Mtu wa Sabaki aliyekiona aliwaletea habari. Dena alifurahi. Aliuliza kama maandishi ni makubwa, yaonekane. Mkewe alitoka nje.

Tarehe 9 Machi 1987, akiwa shambani, marehemu alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa na ulimi ukafungika. Alilazwa hospitali wiki tano, kisha akarudi nyumbani, akauguzwa na mkewe na binti yake Kadzo. Aliweza kuinua mkono wa kushoto, na aliuinua kila ndege ilipopita kwenda kaskazini. Zikipita mbili aliuacha juu mpaka milio iishe, na mkono ulitetemeka kwa uchovu lakini hakuushusha.

Mwezi wa Januari mwaka huu Fumo alikuja tena. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Nyevu alimwacha aingie, kwa kuwa mgonjwa ni wa watu wote. Fumo alikaa mkekani, akamsalimia, akamwambia habari za bei ya kamba na za upepo. Dena alimsikiliza. Kisha akanyoosha mkono ule mmoja, akavuta ndara iliyokuwa kando ya mkeka, akavuta na ya pili, akaiweka juu ya ya kwanza. Akazisukuma pamoja mpaka gotini kwa Fumo, akamtazama.

Fumo alilia. Alilia kwa muda mrefu na kwa sauti, mpaka Kadzo akaja kuchungulia. Halafu akainuka, akavaa viatu vyake, akaondoka, na lile neno hakulisema, si kwa Dena aliyekuwa hana ulimi wa kumjibu, wala kwa Nyevu aliyekuwa amesimama mlangoni akilingoja.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Adu siku ya Alhamisi, tarehe 11 Agosti 1988, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Alikuwa amekunywa uji. Mkewe alikuwa anamfuta mdomo. Hapakuwa na ndege yoyote hewani.

Ameacha mjane, Nyevu, watoto wanne, Thoya, Kadzo, Kalama na Sidi, wajukuu watano, na dada yake, Mbodze. Anazikwa na kitambaa cha bafta chenye alama ya gurudumu, kimekunjwa chini ya kichwa chake, kama alivyoomba kwa mkono mkewe alipomwonyesha.

Kampuni yenye kiwanja cha Mkondoni inadaiwa barua ya pili, yenye mhuri kama ile ya kwanza, isemayo kwamba Dena Thoya hakuwa mlevi na kwamba tarehe 15 Desemba 1984 ndege zilikuwa mbili. Bwana Mbaruk amepelekewa nakala ya wasifu huu. Kampuni haitaandika barua hiyo mpaka isikie kutoka kwa mtu wa pekee aliyekuwa chini ya kivuli.

Kapteni Fumo Omar yuko hapa. Amekuja tangu asubuhi, amebeba jeneza pamoja na wengine, na familia inamshukuru kwa bega lake. Hatakiwi kuleta kitu. Aliulizia msamaha juu ya mkeka wa Dena miaka mitano iliyopita, akaambiwa sharti lake, aje aeleze kwa mdomo wake mwenyewe, akalikubali, na sharti halijabadilika. Katika karatasi ya ratiba mliyoishika, baada ya wasifu na kabla ya mahubiri, kuna mstari ulioachwa bila jina. Mpiga chapa alidhani ni makosa, akauliza mara mbili. Si makosa. Mchungaji amekubali kungoja, na mjane amekaa mbele, anasikiliza.

Dena, pumzika kwa amani. Mkono wako uushushe sasa.